Kuhamisha Oili Chafu kwa Pampu ya Kujitengenezea: Somo kwa Wenye Mashine wa Madibira

Mpunga wa Madibira haulimwi tena kwa jembe la mkono peke yake. Pawatila huvuruga majaruba, matrekta huvuta matela, na vinu vya kukoboa hunguruma kutwa nzima baada ya mavuno. Kila injini miongoni mwa hizo hutoa oili iliyokwisha kazi. Injini ya pawatila yenye silinda moja hubeba takriban lita 3, nayo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi, au kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Mwenye pawatila moja hupata kiasi cha dumu dogo. Kikundi chenye mashine kumi, au gereji inayowahudumia wakulima, hakichukui muda mrefu kabla ya kujaza pipa la lita 200.

Pipa hilo likijaa huwa na uzito unaokaribia kilo 200, wala halinyanyuliki. Kwa sababu hiyo wengi hutuuliza kama inafaa kujitengenezea pampu ya kuhamishia oili kutoka beseni hadi pipa, na kutoka pipa hadi gari la mkusanyaji. Jibu letu ni kwamba inafaa kwa baadhi yao tu. Mwenye mashine moja au mbili hahitaji pampu: faneli pana, dumu lenye kifuniko kinachofunga vizuri na mkono usio na haraka vinamtosha. Anayejaza pipa moja au mawili kwa msimu atapata nafuu zaidi akinunua pampu ya mkono ya kufunga kwenye mdomo wa pipa, ile ya kuzungusha mpini. Pampu ya mota ina maana kwa kikundi, kwa gereji na kwa mwenye vinu vingi. Kabla ya kuipa fundi fedha, ni vyema kuelewa inavyofanya kazi.

Aina ya pampu

Kosa linalogharimu fedha nyingi ni kutumia pampu ya maji. Pampu ya kumwagilia bustani hurusha maji kwa kasi ya mapanga yake, na oili nzito hukataa kuzungushwa hivyo. Mota hupata joto, mtiririko huwa hafifu, na mipira ya kuzuia kuvuja iliyotengenezwa kwa ajili ya maji huvimba na kuoza. Inayofaa ni pampu ya gia, ambayo gia zake mbili zenye meno yanayokutana hubeba oili kidogo kidogo na kuisukuma mbele. Kadiri oili ilivyo nzito, ndivyo meno hayo yanavyoziba vizuri zaidi, ilimradi yasizungushwe kwa kasi mno.

Mafundi wengi huchomoa pampu ya oili katika injini ya gari lililokufa. Wazo si baya, lakini pampu hiyo ilizoea kukaa ndani au karibu kabisa na oili, kwa hiyo huvuta kwa shida ikiwa kavu. Ifungwe chini, karibu na usawa wa oili, na imiminiwe oili kidogo kabla ya kuwashwa. Kanuni hii inafaa kwa pampu yoyote: isukume mbali na juu upendavyo, lakini isivute kutoka mbali. Mpira wa kuvutia uwe mfupi na mpana.

Kasi nayo ihesabiwe. Mota nyingi za umeme huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika, mwendo ambao ni mkubwa mno kwa oili nzito. Puli ya milimita 75 ikifungwa kwenye mota na ya milimita 225 kwenye pampu, mwendo hushuka hadi theluthi moja, yaani mizunguko isiyofikia 500. Mkanda na puli vifunikwe kwa bati au wavu imara. Kanga, kitenge au mkono wa shati hunaswa kwa nukta moja tu.

Shinikizo, mipira na chujio

Tunaomba msomaji asome sehemu hii mara mbili. Pampu ya gia haijui kusimama. Ukifunga bomba la mbele wakati inazunguka, itaendelea kusukuma hadi mpira upasuke, kiungo kichomoke au ganda la pampu livunjike, na oili moto irukie uso wa aliye karibu. Kwa hiyo, baada ya pampu sharti pawe na valvu ya kupunguza shinikizo, inayofunguka yenyewe na kuirudisha oili upande wa kuvutia au ndani ya pipa. Fundi akikuambia valvu hiyo ni mapambo, tafuta fundi mwingine. Bila valvu hiyo, usiweke koki upande wa mbele.

Wapo wanaoikwepa pampu na badala yake kujaza upepo wa kompresa ndani ya pipa ili oili isukumwe itoke. Jambo hilo lisifanywe kamwe. Pipa la bati halikutengenezwa kubeba upepo wa shinikizo. Hutoka mfuniko au chini yake kama risasi. Vivyo hivyo, asiwepo mtu wa kunyonya mpira kwa mdomo ili kuanzisha mtiririko. Oili ikiingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu iliyo ngumu kutibu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe kituo cha afya.

Mpira wa bustani hulainika kwenye oili. Nunua mpira wa mafuta, na upande wa kuvutia uwe na waya ndani ili usijikunje pampu inapovuta. Kabla ya pampu, upande wa kuvutia, weka chujio la matundu makubwa kiasi la kuzuia vipande vya chuma, nyuzi za matambara na makapi ya mpunga, ambayo huko Madibira hayakosekani popote. Chujio lenye matundu madogo mno likiwekwa upande wa kuvutia huinyima pampu oili. Asubuhi za Juni na Julai, hasa kwa wenzetu wa Mafinga juu milimani, oili huwa nzito. Iachwe ipate jua kwanza. Isipashwe kwa moto.

Jaribio la kwanza lifanywe kwa dumu la lita 20 na saa mkononi. Likijaa kwa dakika 2, pampu inatoa lita 10 kwa dakika, na pipa la lita 200 litahama kwa dakika 20. Hiyo inatosha. Haraka zaidi ya hapo huzaa kumwagika.

Mahali pa kufanyia kazi

Maji ya Madibira hutoka Mto Ndembera. Yanayobaki na yanayorudi kutoka mashambani huelekea Ihefu, kisha Ruaha Mkuu, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika Mtera. Oili iliyomwagwa kwenye mfereji wa jaruba haibaki mali ya aliyeimwaga. Shirika la hifadhi ya mazingira la Marekani limeeleza kwa miaka mingi kwamba oili ya injini moja, ikibadilishwa mara moja tu, yaweza kuchafua galoni milioni moja za maji matamu.

Kwa hiyo pipa na pampu vikae ndani ya beseni la zege lisilo na tundu la kutolea maji, chini ya paa, mbali na mfereji na kisima. Beseni liweze kubeba zaidi ya pipa zima: lenye upana na urefu wa sentimita 120 na kina cha sentimita 20 hubeba lita 288. Pumba na vumbi la mbao viwe karibu kwa kufyonza matone, na baadaye vihifadhiwe kama taka hatari, visitupwe shambani.

Oili ya injini peke yake haishiki moto kwa urahisi. Ikichanganywa na petroli au tina hali hubadilika, na cheche moja ya mota yatosha. Pampu hii isihamishe petroli hata siku moja, na pipa la oili chafu lisipokee kitu kingine. Oili ya breki na maji ya rejeta vikiingia humo, mkusanyaji huikataa. Vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika hubeba kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi kwa wanaoigusa mara kwa mara. Isitiwe katika chupa za soda au maji. Watoto hunywa kwa kuamini lebo.

Kwa nani, na kwa njia gani

Oili chafu ni taka hatari kisheria. Anayekuja kuichukua kwa gari mwombe kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na umdai hati inayoonyesha kiasi na tarehe. Asiye na kibali huenda akawa anaipeleka mahali ambapo huchujwa kwa kitambaa, hutiwa katika makopo ya zamani na kurudi dukani kama oili mpya. Kuchuja hakuirudishii oili uwezo wake. Asidi, maji na masizi membamba hubaki humo, na injini ya jirani yako hufa katikati ya msimu. Ndiyo maana tunashauri kila kopo tupu litobolewe na lebo yake ichanwe kabla ya kutupwa, na kila kopo jipya likaguliwe muhuri wa kifuniko na alama ya ubora ya TBS kabla ya kulipiwa. Risiti itunzwe hadi oili hiyo imalize saa zake ndani ya injini. Ukishuku kuwa ni bandia, usiimwage: ifunge, iweke pamoja na kopo lake na risiti, na utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani au TBS.