Mtoto amerudi kutoka kwenye mionzi

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 6 alitolewa figo lenye kansa, kisha akapigwa mionzi ya tumbo Kigali. Tumerudi Sake, huku Masisi. Analala mchana kutwa, anaharisha, na ngozi ya ubavu imekuwa nyeusi. Majirani wanasema asilale na wadogo zake.

JIBU: Mama, alale nao. Mionzi ya mashine hupita mwilini na kwisha pale pale, haimwambukizi mtu.

Uchovu huo ni wa kawaida, na huweza kudumu majuma kadhaa baada ya matibabu. Kuharisha hutokea kwa sababu utando wa utumbo umeumia, na hapo maziwa, fahari ya Masisi, huweza kuzidisha tatizo. Yaache kwa muda. Mpe uji mwepesi, ndizi, wali, na seromu ya kunywa kidogo kidogo. Ngozi ioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kuisugua. Usipake dawa ya miti shamba wala mafuta yenye manukato, na umkinge na jua. Akichomwa baadaye sindano ya daktinomisini, dawa ya kansa, sehemu hiyo hiyo iliyopigwa mionzi huweza kuwaka upya: mwambie muuguzi kabla ya sindano.

Ninachokiogopa ni homa. Ikifika digrii 38 usingoje asubuhi, hasa kama bado yuko kwenye dawa za kansa: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na karatasi zake. Fanya hivyo pia akiharisha damu, akitapika kila anachokunywa, au akiacha kukojoa, maana amebaki na figo moja.