Masika na Miche ya Mikarafuu Nyumbani



Masika yakiingia mwezi wa Machi, kila nyumba hushika jembe: huyu apanda muhogo, huyu mchicha. Mche wa mkarafuu tusiuharakishe. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulihamisha miche kwa mvua ya kwanza. Jua likarudi, yote ikakauka.

Tungoje ardhi ishibe maji. Tuhamishe jioni, mche na donge lake la udongo, mizizi isikatike, wala tusipande mahali panapotuama maji. Kisha tuutilie kivuli cha makuti au cha mgomba, maana masika yakisha jua huunguza.

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi au zaidi. Mche ukifa, hesabu huanza upya. Basi makuti tuyakate mapema, kabla ya mvua.