SOMO KWA WATUMISHI WA AFYA: MUUGUZI MPYA NA ZAMU ZA KUITWA

Zamu ya kuitwa ni kazi isiyo na nafasi ya kudumu wala ratiba ya mwezi. Muuguzi huitwa siku mtumishi mwingine anapougua, anapokwenda likizo, au wagonjwa wanapozidi, na hulipwa kwa zamu aliyoifanya tu. Somo hili linaeleza kama inamfaa muuguzi aliyehitimu karibuni, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Geita.

Chanzo cha zamu hizi

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mbali na migodi hiyo, wachimbaji wadogo huhama kwa kufuata dhahabu inakopatikana. Inapotokea rashi, watu humiminika mahali pamoja kwa siku chache, na zahanati za watu binafsi za jirani huhitaji wauguzi mara moja. Rashi ikihama, zamu nazo hukoma. Hivyo muuguzi anayetegemea zamu hizo hutegemea dhahabu kama mchimbaji, bila kushika sururu.

Faida na hasara

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mhitimu anayengoja ajira hapaswi kulaumiwa akipokea zamu, kwani hupata fedha za kujikimu na mikono yake haisahau kazi. Hata hivyo, muuguzi mpya hujifunza kwa kumfuata mgonjwa tangu anapolazwa hadi anaporuhusiwa. Anayeitwa leo hapa na kesho kule humkuta mgonjwa katikati ya tiba na kumwacha kabla ya mwisho. Akikosea, huenda asijue kamwe, na asiyejua kosa lake hulirudia.

Hasara hiyo humfika mgonjwa pia. Mwezi Novemba 2015, wachimbaji watano waliokolewa Nyangarata, wilayani Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Mwili uliokaa na njaa kwa muda huo hulishwa kidogo kidogo na kupimwa mara kwa mara. Ukilishwa kwa pupa unaweza kudhurika. Uuguzi wa namna hiyo hutegemea makabidhiano kamili kati ya zamu na zamu. Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi anayevuja damu na kwa mtoto mwenye malaria kali.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaeleza yafuatayo:

(a) Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku.

(b) Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

(c) Mwajiri humpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Sharti hili halimhusu afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo. Basi muuguzi wa zamu chache hana budi kuyaomba mwenyewe.

(d) Aliyeitwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yuleyule, na jumla ya muda wake ikazidi miezi 6, anastahili likizo yenye malipo. Kwa sababu hiyo kila zamu iandikwe na kutunzwa.

Ushauri

Zamu za kuitwa zisiwe shule ya kwanza ya muuguzi. Palipo na nafasi ya kudumu, hata yenye malipo madogo, chini ya muuguzi mzoefu, hiyo itangulizwe. Anayelazimika kupokea zamu azingatie haya:

1. Awe na usajili na leseni hai ya Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania.

2. Achague kituo kimoja na wodi moja.

3. Asikubali kuachwa peke yake usiku. Aulize mapema ni nani atakayemwita akizidiwa.

4. Ajumlishe saa za vituo vyote. Kila mwajiri huhesabu zake, lakini mwili ni mmoja.

5. Awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, na ajue dawa za kinga ya Virusi vya UKIMWI zinapatikana wapi. Akichomwa na sindano atoe taarifa papo hapo. Dawa hizo huanzwa mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita.

Waganga wafawidhi nao wanakumbushwa kuwa muuguzi wa kuitwa si wa kuziba pengo tu. Aonyeshwe dawa za dharura zilipo na apewe makabidhiano kamili kabla hajamgusa mgonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini anayeitwa vituo vingi huchelewa kuyajua makosa yake?

2. Ni maandishi gani anayopaswa kuyatunza, na yatamsaidia nini?