Amri ya Tano: Kujilinda na Kukimbia



Mmekwisha kujifunza kwamba amri ya tano yakataza kuua. Hapo mmoja wenu huuliza: "Basi, adui akinijia na panga, nikae kimya nife?" Sivyo. Uhai wako ni zawadi ya Mungu, nawe una haki ya kuulinda. Mtakatifu Tomasi wa Aquino, mwalimu mkuu wa Eklezia katika karne ya 13, alifundisha kwamba anayejilinda atafuta kuokoa uhai wake mwenyewe. Lakini akitumia nguvu kupita inavyohitajika, afanya zambi.

Kwanza, basi, utazame kama njia iko wazi. Ukiweza kukimbia bila hatari, kimbia. Neno hili ni gumu kwa vijana, kwani wengine huogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa zambi. Lakini Daudi, aliyemwangusha Goliati, aliukimbia mkuki wa mfalme Saulo, akateremshwa dirishani usiku. Na Bwana Yezu mwenyewe, walipookota mawe ili wampige, alijificha akatoka hekaluni. Nani atawaita waoga?

Zamani huko Ulaya walikuwako waalimu waliosema kwamba mtu wa heshima aweza kumwua aliyempiga kofi, hata kama mpigaji amekwisha kukimbia. Tena kwamba aweza kumwua mwizi kwa ajili ya kipande kimoja cha dhahabu. Papa Inosenti XI aliyahukumu mafundisho hayo mwaka 1679.

Sasa fikirini mwizi wa mbuzi. Ameingia usiku, ana panga, anakujia: waweza kumzuia, hata kwa kumpiga. Ameacha mbuzi, anakimbilia msituni: hatari imekwisha, na haki yako ya kupiga imekwisha pamoja nayo. Ukimfuata na mkuki, walipiza kisasi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chapambanua vivyo hivyo: ampigaye mwizi avunjaye nyumba usiku hana hatia ya damu, jua likiisha kuchomoza, anayo.

Swali: Na watu wengi wakimkamata mwizi, wakamfunga, wakampiga mpaka afe?
Jibu: Wameua. Aliyefungwa kamba hamshambulii mtu.

Lakini baba ambaye watoto wake wamelala ndani asikimbie na kuwaacha. Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kwa mwenye kukabidhiwa uhai wa wengine, kuwalinda ni wajibu mzito. Apige yowe, awaamshe majirani, auzuie mlango. Mshambulizi akianguka, asimwongezee pigo. Amfunge jeraha, na kukicha apeleke habari kwa chifu.