Somo la Kuku: Jinsi ya Kumtibu Kuku Aliyedonolewa

Somo letu la mwezi huu ni juu ya kuku aliyejeruhiwa, hasa yule aliyedonolewa na wenzake. Jambo hili huonekana dogo, lakini mwanzo wa ngoma ni lele. Asubuhi unaona tone la damu karibu na mkia wa kuku mmoja. Jioni unamkuta pembeni mwa banda amekufa, matumbo yako nje. Umemlisha miezi mitano, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutaga. Tena waliomla wamekwisha kujifunza tabia mbaya, na kesho watatafuta mwingine.

KWA NINI KUKU HUDONOANA

Mdomo wa kuku ndio mkono wake. Kwa mdomo hutafuta chakula, na kwa mdomo huonyeshana nani mkubwa na nani mdogo. Kudonoana kidogo kichwani ni desturi ya kuku wote. Ubaya huanza damu inapotoka, kwa maana macho ya kuku huvutwa sana na rangi nyekundu. Mmoja akionja, wengine humwiga.

Kwa hiyo lishike neno hili kuliko mengine yote: kwanza mtoe kuku mwenye jeraha, pili mtibu, tatu tafuta sababu. Mtu anayepaka dawa na kumrudisha kuku kundini siku ile ile amepoteza dawa yake.

JINSI YA KUMTIBU

Weka tayari chumvi, maji yaliyochemshwa, kitambaa safi, makasi na dawa ya iodini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kazi na baada yake.

(1) Mtoe. Mfunike mabawa kwa kitambaa ili asipigepige. Mtie katika tenga au boksi lenye nyasi kavu, mahali pa kimya pasipo na mwanga mkali wala upepo. Mpe maji na chakula chake cha kawaida. Katika sehemu za baridi kama Kinangop, kuku aliyepoteza damu huhitaji joto, hasa usiku.

(2) Zuia damu. Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 5 bila kufunua kuchungulia. Kama ni ukucha uliovunjika, nyunyiza unga laini mkavu juu yake, kisha bana.

(3) Osha. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa sana, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka yawe vuguvugu. Mimina maji hayo juu ya jeraha mpaka uchafu wote utoke. Kata manyoya yaliyogandana kando ya jeraha, lakini usikate wala kung'oa unyoya mchanga wenye damu ndani, maana utaanza kutoa damu upya.

(4) Paka dawa. Punguza iodini kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa, kisha upake. Usitumie mafuta ya taa, mafuta machafu ya gari, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vitu hivi huunguza ngozi, na vingine ni sumu kwa kuku na kwa mtu atakayemla.

(5) Angalia kila siku. Osha na kupaka dawa mara moja au mbili kwa siku mpaka jeraha likauke. Inzi hupenda kutaga juu ya kidonda. Ukiona funza, watoe wote kwa kibano, osha tena, na mweke kuku mahali ambapo inzi hawafiki.

(6) Mrudishe jeraha likipona kabisa na wekundu ukiisha. Ni vizuri kumweka kwanza nyuma ya wavu kwa siku chache ili waonane bila kugusana. Halafu mweke juu ya fito za kulalia wakati wa usiku, wenzake wakiwa wamelala.

WAKATI WA KUMWITA BWANA MIFUGO

Mwite kama jeraha ni refu kwenda ndani, kama nyama ya ndani imetoka nje kupitia tundu la nyuma na hairudi, au kama kuku ameumwa na mbwa au nguchiro. Meno huacha tundu dogo juu ya ngozi, lakini huingiza uchafu ndani sana. Pekua chini ya manyoya yote, maana tundu moja likionekana, mara nyingi liko la pili.

Usimpe kuku dawa ya kuua vijidudu bila shauri lake. Ukishauriwa kuitumia, uliza ni siku ngapi hupaswi kula wala kuuza mayai na nyama, na uzihesabu siku hizo kwa uaminifu. Kuku asiyeweza kupona asiachwe kuteseka.

Angalia pia usidanganyike. Magamba meusi kwenye kilemba na kando ya macho yaweza kuwa ndui ya kuku, wala si kudonolewa. Na kuku anayebadilisha manyoya hupoteza manyoya bila damu.

TAFUTA SABABU

Banda lenye kuku wengi wanaodonoana lina kasoro. Mashamba yaliyogawanywa miaka ya 1960 mengi yamegawanywa tena kwa watoto, na nafasi ya kuku imekuwa ndogo. Wakati wa mvua ndefu, kuanzia Machi hata Mei, kuku hufungiwa kutwa, na hapo vita huanza. Kagua mambo haya:

(a) Nafasi. Mita moja ya mraba ni ya kuku 4 au 5 wa kutaga, wala si zaidi.

(b) Chakula na maji. Kuku anayekosa chakula cha kujenga mwili, au chumvi, hutafuta nyama kwa mwenzake. Mpe chakula cha kuku wa kutaga, usimwachie mahindi peke yake. Maji safi yasikosekane hata saa moja.

(c) Viota. Kuku anapotaga, nyama nyekundu huchomoza nyuma kwa muda mfupi, na wenzake wakiiona huidonoa. Weka kiota kimoja kwa kuku 5, na utundike gunia mbele yake ili ndani pawe na giza.

(d) Wadudu. Chunguza utitiri na chawa chini ya mkia na katika nyufa za fito.

(e) Jogoo. Jogoo mmoja atosha kuku 10. Majogoo wakizidi, kucha na vipi vyao hupasua migongo ya kuku.

(f) Kazi. Tundika fungu la sukuma wiki au kabichi mahali kuku wanapofikia kwa kunyoosha shingo. Kuku mwenye kazi hana nafasi ya ugomvi.

Kama kuku mmoja ndiye mchokozi, mtenge yeye siku chache. Lakini usikate midomo ya kuku kwa kisu nyumbani. Mdomo una damu na maumivu, na sababu itabaki bandani vile vile.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukiona kuku anatoka damu, utafanya nini kabla ya kutafuta dawa?
2. Utatia chumvi kiasi gani katika nusu lita ya maji?
3. Banda lako lina mita ngapi za mraba, na kuku wangapi? Je, wanatosha au wamezidi?
4. Kwa nini kiota kiwe na giza?

Swali la tatu usilijibu kwa kukisia. Nenda bandani leo na kamba ya kupimia, na ukiwa huko mtazame kila kuku chini ya mkia.