Kazi Moja, Mawakala Wawili



Likizo iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa kwetu Nyanza-Lac alinivuta pembeni ya msikiti. Ni fundi umeme, anaishi kwa mikataba ya miezi mitatu, miezi sita. Komisiyoneri mmoja wa Bujumbura alikuwa amechukua karatasi zake kumtafutia kazi Rumonge, akamwambia, "Usimpe mwingine." Akakubali. Wiki iliyofuata akaja wa pili, akataja malipo makubwa zaidi, naye akapewa karatasi. Kumbe kazi ni ile ile. Mwajiri alipoona jina moja limeletwa na watu wawili, kila mmoja akidai ujira wake, aliliweka kando akaendelea na wengine.

"Kaka, nimefanya haramu, au ni bahati mbaya tu?" aliniuliza. Sikumjibu siku ile. Haya ndiyo niliyoyapata baada ya kusoma na kuuliza.

Udalali wenyewe ni halali. Imam Bukhari ameuwekea mlango ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Kuwapa wawili kazi ya kukutafutia pia hakuna kizuizi, maadamu hakuna uliyemwahidi kuwa yuko peke yake.

Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya ndugu yake, au kuposa juu ya posa yake. Je, wakala wa pili haingii humo? Wanazuoni wengi wanasema katazo linaanza pale pande mbili zinapokuwa zimekwisha kuridhiana. Mojawapo ya dalili zao ni kisa cha Fatima bint Qays, kilichomo katika Sahihi Muslim. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kwa Mtume kutaka ushauri. Mtume hakuwalaumu wale wawili kwa kuposa mahali pamoja, kwa kuwa hakuwa amemkubali yeyote. Alimweleza hali ya kila mmoja wazi wazi, huyu hana mali, yule ni mkali kwa wanawake, kisha akamshauri aolewe na Usama.

Mimi naona kisa hiki kina faida mbili kwetu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya ushindani kabla ya makubaliano. Ya pili ni kwamba kuuliza habari za wakala, na kujibiwa ukweli hata kama ni aibu yake, si kusengenya. Wengi wetu tunanyamaza kwa heshima huku mdogo wetu anakabidhi pasipoti kwa mtu tunayemjua vizuri. Tangu Burundi iliposaini makubaliano ya kazi na Saudi Arabia mwaka 2021, ukimya huo umekuwa na gharama kubwa zaidi, kwa kuwa binti akiwa ng'ambo hawezi kurudi kuuliza.

Basi kosa la kijana wetu halikuwa mawakala wawili. Lilikuwa lile neno "ndiyo" alilompa wa kwanza. Ahadi ni deni. Na wa pili, kama alijua, naye ana sehemu yake.

Ujira ni wa nani? Hapa fiqhi ya Shafii ina mlango wa ju'ala, yaani malipo yanayoahidiwa kwa atakayeleta matokeo, kama shehena ya ngamia iliyoahidiwa katika kisa cha Nabii Yusuf. Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa anayefanya kazi bila idhini hastahiki kitu, na walioruhusiwa wakishirikiana hugawana. Kwa hiyo wakala anayepeleka jina lako bila kukuuliza hana cha kukudai. Hata sheria za kimataifa ziko karibu na hapo: mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kwa kanuni ya jumla mawakala kumtoza mfanyakazi.

Nilimshauri mambo mawili. Kabla ya kutoa karatasi, aulize jina la mwajiri na aliandike pamoja na tarehe. Wakala akikataa kulitaja, asimwahidi upekee. Na ampigie yule wa kwanza, amwambie ukweli.

Alimpigia nikiwa nimesimama naye. Yule bwana alifoka sana, kisha akakubali kumwandikia mwajiri kwamba amejitoa. Mpaka naandika haya, mwajiri hajajibu.