Breka na Waya Wake: Vidokezo kwa Nyumba za Ndosho

Umeme umefika Ndosho, mtaa wetu wa Goma, kwa njia nyingi. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha papa hapa mtambo wa jua wa megawati 1.3. Umeme wa maji wa Matebe, kule Rutshuru, uliozinduliwa 2015, huletwa Goma kwa nyaya za kampuni ya Virunga Energies. SNEL, shirika la umeme la taifa, nayo huleta umeme wa Mto Ruzizi siku unapofika. Ongeza paneli juu ya bati na jenereta ya jirani. Kazi iliyobaki iko ndani ya nyumba, kwenye waya uliopigiliwa misumari juu ya mbao. Mkondo ukizidi, waya huo huchemka, na ukuta wa mbao hauhitaji kubembelezwa ili ushike moto.

1. Gawanya kwa 220

Kila kifaa kimeandikwa wati zake mgongoni au chini. Zigawanye kwa 220, yaani volti za umeme wa nyumba, utapata amperi. Pasi ya wati 1,100 hula amperi 5. Jiko la umeme la wati 2,000 hula 9. Birika la wati 1,500 hula karibu 7. Ukivichomeka vyote pamoja una amperi 21 kwenye soketi iliyotengenezwa kwa 16. Taa za LED na chaja za simu hazina neno, usiwapigie watoto kelele bure. Adui ni kitu chochote kinachotoa joto.

Na hesabu ya joto haina huruma: mkondo ukiwa mara mbili, joto ndani ya waya linakuwa mara nne.

2. Breka ifuate waya

Breka, ile ambayo mafundi wa Goma huiita disjoncteur, imewekwa kuulinda waya uliofichwa nyuma ya mbao. Kuilinda friji yako si kazi yake. Kwa hiyo unene wa waya ndio unaoamua: waya wa milimita mraba 1.5 upewe breka ya amperi 10, wa 2.5 upewe ya 16, wa 4 upewe ya 25, wa 6 upewe ya 32. Kama kwenye njia moja kuna vipande vya unene tofauti, hesabu kwa kile chembamba kuliko vyote.

Ndani yake mna walinzi wawili. Kwanza kuna kipande cha metali mbili zilizogandanishwa, ambacho hujikunja polepole kikipata joto. Hicho hushughulikia mzigo uliozidi. Kisha kuna sumaku ya umeme, ambayo huruka papo hapo nyaya mbili zinapogusana. Ndiyo maana breka inaweza kuvumilia pasi, birika na jiko kwa muda kisha ikaanguka, na siku nyingine ikaanguka kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Muda huo ni habari: ukichelewa, mzigo ni mkubwa; ukiwa wa papo hapo, kuna nyaya zimegusana.

Fundi akikuambia, "Mama, tutie ya 32, hii ya 10 inakusumbua," mshukuru, mpe chai, na utafute fundi mwingine.

3. Ukwangue waya kabla ya kuulipia

Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Zinang'aa vizuri. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, waya huo hauwezi kubeba amperi za shaba ya unene uleule, na hukatika upesi ukiupinda. Vipimo vya kidokezo cha pili ni vya shaba tupu.

4. Fyuzi iliyokufa haifufuliwi

Bado zipo nyumba zenye fyuzi za zamani, na bado wapo wanaozifunga kwa kipande cha waya wa kawaida au karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Waya wa shaba wa 1.5 unahitaji zaidi ya amperi 100 ili uyeyuke. Maana yake ni kwamba nyaya zote za nyumba zitaungua kwanza, na hiyo "fyuzi" itabaki nzima ikitazama.

5. Breka ikianguka, fanya upelelezi

Usiirudishe mara tatu ukitumaini itachoka. Chomoa kila kitu, kisha irudishe. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitokeze. Mara nyingi ni pasi yenye waya uliochubuka shingoni au jiko lililoingiwa na maji. Ikianguka huku hakuna kitu kilichochomekwa, kosa liko kwenye waya wenyewe: msumari umeupitia, panya ameutafuna, au mvua imeingia kwenye kiungo. Hapo acha, ita fundi. Kuishikilia breka kwa kijiti au mpira ili isianguke ni kuomba moto kwa barua.

6. Ardhi yetu ni jiwe

Hiki ndicho kidokezo ambacho vitabu vya mafundi wa miji mingine hukipita haraka, na ndicho kikubwa kwetu. Waya wa ardhi kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kushuka. Kwenye udongo mzito wenye unyevu, fundi anapigilia fimbo ya shaba na kwenda zake. Ndosho tunakaa juu ya lava ya volkeno. Fimbo inagonga mwamba baada ya sentimita chache, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri.

Tuseme ardhi yako ina ukinzani wa ohmu 100, jambo la kawaida kabisa juu ya mwamba. Friji ikivuja kwenye bodi yake ya chuma, mkondo unaoshuka hauzidi amperi 2.2. Breka ya 16 haioni kitu, inadhani umewasha televisheni kubwa. Wakati huohuo bodi ya friji imebeba karibu volti zote 220, na mtoto anakuja kuchukua maji ya baridi bila viatu.

Dawa ni kifaa kingine, ambacho mafundi wetu hukiita différentiel. Hicho hakijali ukubwa wa mzigo. Hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na tofauti ikifika miliamperi 30 hukata. Kina kitufe cha majaribio: kibonyeze kila mwezi, kikikataa kukata kibadilishwe. Fahamu pia kwamba kile cha kawaida hakizuii mzigo kuzidi, kwa hiyo breka inabaki palepale na hivi viwili vinafanya kazi pamoja.

Waya wa ardhi nao usiuache. Chimba mtaro hata kama hauna kina kirefu, ulaze waya mrefu wa shaba tupu, uufunike kwa udongo mweusi ulioletwa (changarawe ya volkeno haifai), mahali pasipokauka, kwa mfano karibu na maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika.

7. Kaza skrubu

Kiungo kilicholegea huchemka hata kwa mzigo halali, na hakuna breka itakayokiona. Soketi yenye joto, yenye doa la kahawia, au harufu ya plastiki iliyoungua: zima umeme mkuu, kisha fungua.

8. Betri ya volti 12 haina upole

Watu huiogopa 220 na kuidharau betri ya sola kwa sababu haimrushi mtu. Lakini nyaya zake zikigusana, betri ya amperi-saa 100 inaweza kumwaga mkondo wa zaidi ya amperi 1,000 kwa kufumba na kufumbua. Hata bila ajali, inveta inayotoa wati 600 hunyonya amperi 50 au zaidi upande wa betri. Usiifunge kwa waya wa redio. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Usitumie breka ya kawaida ya nyumba upande huo: umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hufa, wa betri haupiti sifuri kamwe, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka. Nunua iliyoandikwa DC.

9. Kuvuta umeme kwa jirani

Mkataba wako na jirani, na wake na kampuni, mtajua wenyewe. Upande wa moto ni huu: breka ya kulinda waya mrefu unaokatiza uzio hukaa kwa jirani, pale unapoanzia. Ukiiweka kwako, waya wote wa njiani umeachwa bila mlinzi. Na ule uzi mwembamba wa pacha ni wa taa na simu. Kuupikia maharage ni kulipakia chukudu la mtoto magunia ya makaa.

10. Jenereta na gridi zisikutane

Weka swichi ya kugeuzia yenye nafasi mbili, ili kimoja kikiingia kingine kitoke. Vikikutana, mkondo mkubwa hupita kati yao na jenereta huungua. Na umeme wako unaotoka nje unaweza kumuua fundi wa laini aliyepanda nguzo akiamini imezimwa.

11. Moto ukiwaka

Zima swichi kuu kama unaifikia salama, toa watu, rusha mchanga. Maji usiyaguse mpaka una hakika umeme umekatika.

Orodha ni ndefu na mfuko ni mmoja, najua. Mwezi huu ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua différentiel ya miliamperi 30, na mwambie fundi aifunge mbele ya soketi zote huku ukimtazama.